Kindi Namba Saba

12 Desemba

Dada mpendwa,

Magoti yanasemaje? Mimi mzima, kitambi pia kizima. Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba mdogo wako amepanda cheo: sasa ni mlezi wa kindi kumi na wawili wa maabara, wote wamelala fofofo kwenye chumba baridi kama friji. Hawali miezi sita! Daktari mtafiti anasema ubongo wao huizima njaa. Hata wakizinduka kidogo, hawagusi chakula. Mimi nikikosa chai ya saa nne natetemeka. Ila Namba Saba amekonda, dada. Ananitia huruma.

Mdogo wako

20 Desemba

Mdogo wangu,

Magoti yananung'unika, ila yananifikisha sokoni. Nakujua wewe. Paka wa jirani ulimlisha mpaka akashindwa kupanda dirishani. Aliyelala usimwamshe. Umenisikia?

Dada yako

6 Januari

Dada,

Hujambo? Mimi hivyo hivyo. Saba aliamka kabla ya wakati, na mafuta aliyojiwekea mwilini yamepungua vibaya. Daktari anamlaumu fundi wa mitambo ya baridi, eti aliacha chumba kipate joto. Ijumaa anafukuzwa. Sina la kusema.

Mdogo wako

8 Januari

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Utotoni ukisema "sina la kusema", mdomo ulikuwa umejaa sukari. Usinieleze mimi. Kamweleze daktari kabla ya Ijumaa.

Dada yako

Ijumaa, 10 Januari

Dada,

Natumaini umeamka salama. Ilikuwa hivi. Nilimtoa Saba, nikamtia ndani ya sweta, kifuani, kwa muda wa karibu saa mbili, mpaka akafumbua macho. Nikampa karanga. Akanusa, akageuza uso. Nikambembeleza kama mtoto mgonjwa, wapi! Kumbe kule kuamka tu kumeteketeza akiba ya majuma mawili.

Leo nimeyasema yote mbele ya daktari, fundi kasimama mlangoni na begi lake la vifaa.

"Karatasi ya mlangoni, inayokataza kuwagusa waliolala, hukuisoma?" daktari akauliza.

"Niliisoma."

"Na siku nne unamtazama mwenzako akilaumiwa tu?"

Hapo, dada, sikuwa na mzaha hata mmoja.

Nimenyang'anywa ufunguo; sasa nafagia ua. Saba amelala tena, na hakuna ajuaye kama mafuta yaliyobaki yatamfikisha mwezi wa nne. Fundi amerudi kazini. Nilimpa mkono, akaupita, akaingia kukagua mitambo yake.

Mdogo wako