Mikarafuu ya Mahari

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeosha honda, pikipiki yangu, nimepeleka abiria watatu Chake, nimerudi Mgogoni. Mke wangu Mize kanipa mgongo kama kawaida. Mwezi wa pili huu hatusemi.
Ndoa imekwisha, twajua sote. Limebaki neno tu. Mie nikimwacha, mahari yanabaki kwake. Yeye akijivua kwa kadhi, anayarudisha. Na mahari yenyewe si pesa. Ni mikarafuu niliyoachiwa na marehemu bibi yangu, yote, niliyoitaja mwenyewe siku ya ndoa ili wanawake wapige vigelegele. Wakapiga. Miti yenyewe mpaka leo sijamwonyesha.
Basi simwachi ng'o. Skuli niliishia darasa la sita, lakini hesabu hii wasomi hawaiwezi.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeanza kumbana. Siachi tena matumizi. Mchele umekwisha, nimechungulia ndoo. Mie nakula kwa mama.
"Mbona waja pweke?" kaniuliza.
Nimemwambia Mize kafunga sunna. Mwongo hodari mie.

Jumatano, 13 Agosti
Barzani, kwenye kahawa, leo nimewavunja mbavu wenzangu. Nimewapa mpango wote.
Hamadi, rafiki yangu, kauliza, "Na akifa njaa, Kombo?"
"Akifa n'tarithi!"
Mmoja kahawa ilimpalia. Sheha, mkubwa wa mtaa wetu, hakucheka. Kaweka kikombe chini, kaondoka. Yule hana utani.

Jumanne, 26 Agosti
Mize kakonda. Asubuhi muhogo kwa chumvi, jioni hamna. Jana nimemkuta kisimani kakaa chini, ndoo imejaa, kuinyanyua hawezi. Nilitaka kumsaidia. Nikapita.
Karafuu zimeshiba matawini. Wiki hii au ijayo atasalimu amri.

Alhamisi, 4 Septemba
Kasalimu! Kaenda kwa kadhi. Wito kauleta sheha mwenyewe, hata chai kakataa. Nimepiga pasi kanzu. Hamadi simuoni siku hizi, angekuja anipongeze.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimeshindwa.
Mize hakuomba kujivua. Kashtaki kuwa hatunzwi. Kadhi kauliza nani shahidi, akasimama Hamadi. Hamadi wangu! Kasema yote, mpaka lile la kurithi. Sheha akasema ni kweli, na yeye kasikia. Barzani lilichekesha. Pale hakucheka mtu.
"Ulisema?" Kadhi huyo.
"Nilikuwa natania, bwana kadhi."
"Na mchele? Nao utani?"
Ndoa kaivunja kadhi mwenyewe, kwa madhara niliyomtia mke. Si talaka yangu, si kujivua kwake. Mahari yote ya Mize. Na nimwonyeshe miti, sheha awepo.
Mama alikuwa kakaa nyuma. Kurudi kakataa kupanda honda yangu, kapanda gari. Namchukia Hamadi. Najichukia zaidi.

Jumapili, 21 Septemba
Tumekwenda shamba asubuhi, umande bado. Mie mbele, Mize na sheha nyuma. Kila mti nilioonyesha, Mize aliufunga kipande cha kamba. Mikono yake imekuwa miembamba.
Ikafika miti sita. Sheha akauliza, "Ndo yote?"
Upo wa saba, kule bondeni, umezibwa na mfenesi. Sheha haujui. Mize haujui. Bibi alinionyesha mie tu.
Nikawaambia wanifuate bondeni.