Wa Kunisindikiza Ijumaa

Kibaha, Jumanne

Mdogo wangu Bundala,

Natumaini mvua imewafikia huko Kurui na ng'ombe wanashiba. Mfikishie mama shikamoo yangu. Mwanangu Modesta ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa akicheka anaziba mdomo. Simu yako haipatikani, kwa hiyo nimempa barua hii dereva wa bodaboda anayekuja huko kufuata mkaa.

Leo nilikwenda hospitali kupimwa tumbo kwa kamera. Sikuwa nimekula wala kunywa tangu jana jioni, kama walivyoniagiza. Nesi akaniuliza, "Dada, umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Utachomwa sindano ya usingizi. Hatuwezi kukuachia uondoke mwenyewe."

Akanirudisha nyumbani, akasema nije Ijumaa na ndugu. Tangu shemeji yako Ambokile ahamie kwa yule mwanamke wa Chalinze, humu ndani mtu mzima ni mimi tu. Majirani wapo, ila sitaki jirani asikie majibu kabla yako.

Ugali haupiti tena, Bundala. Unakwama kifuani, palepale marehemu baba alipokuwa akibonyeza kwa kiganja. Sasa nakunywa uji tu. Mama asijue.

Njoo Alhamisi. Mwambie unakuja kuulizia bei ya ndama. Nitakupikia wali kwa kuku. Wewe ule ushibe, usinionee haya. Mimi nitakaa nikuangalie, nami nitafurahi kuona mtu wa kwetu anakula.

Nakungoja, mdogo wangu.

Dada yako,
Holo