Kikohozi kwa Ndege ya Fedha

Jumatatu, 3 Juni 1957

Ndege imepita kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Injini mbili, kutoka upande wa ziwani kwenda Nairobi. Nikanyanyua uso kama mtu anayeona. Boke mke wangu alikuwa anakamua. Akasema chini chini: ya kijivu kama yule ndama wa mwaka jana, mstari wa bluu ubavuni. Hana maneno mengine ya rangi. Kwake kila ndege ni ng'ombe aliyepotea njia.

Nikapaza sauti mji wangu mzima usikie. Fedha! Mkanda wa bluu! Namba chini ya bawa la kushoto imefifia, waipake upya! Hiyo ya namba niliiongeza mwenyewe. Nani atapanda kuhakikisha?

Chacha, rika langu, akajibu kutoka mlima wa pili: "Mura, una macho ya mwewe!"

Ya mwewe aliyekufa.

Alhamisi, 6 Juni

Hapa naandika ukweli, maana hakuna wa kunicheka. Macho yamekwisha. Mtoto wa jicho, yote mawili. Kwa karibu naona. Nikisogeza karatasi hadi puani herufi zinakuja, nazipiga kubwa kama kwato. Mbali ni maziwa matupu. Na hiyo mbali kila mwezi inanisogelea.

Anayejua ni Boke peke yake. Mwaka wa pili huu ananinong'oneza. Huyo anayekuja ni fulani. Hiyo ni ya fedha. Hapo kuna shimo.

Kwetu mzee asiyemtambua ng'ombe wake kwa rangi amekwisha kuwa mgeni zizini. Wanawe wanagawana. Yeye anaachiwa wa maziwa na kigoda cha kukalia. Nimewaona wengi. Niliwacheka, tena sana.

Ndege ndizo kinga yangu. Mtu anayesoma rangi kule juu mawinguni, nani atasema haoni fahali hapa chini?

Jumapili, 9 Juni

Kengele ya kanisa imelia. Sikwenda. Mwalimu wa dini aliyenifundisha kusoma alinifukuza darasani nilipouliza kama malaika nao huoshwa mabawa. Swali zuri lile. Baadaye nikaajiriwa Kisumu kuosha ndege, nikapata jibu. Kila chenye mabawa kinachafuka.

Nimekaa juani nikizikumbuka. Zile za kutua majini zilikuwa na tumbo la kijani kwa utando wa ziwa, unasugua mpaka bega linalia. Za nchi kavu zilikuja na rangi za kwao. Hii ina simba mkiani, hii ina nyota, hii imechorwa mstari mwembamba kama umepigwa na mtu aliyeshikilia pumzi. Niliujua kila mstari kwa kitambaa. Wenzangu waliosha huku wanatukana jua. Mimi ningeosha bure, ila sikumwambia msimamizi. Mjinga mimi si kiasi hicho.

Sijawahi kumwambia mtu nilivyozipenda. Mwanaume wa Kikurya anapenda ng'ombe. Akipenda kingine anyamaze.

Ijumaa, 14 Juni

Amekuja mnunuzi wa ng'ombe kutoka Sirari. Tumbaku yake ameifunga kwa gazeti la Kenya. Nikamwambia aniachie karatasi, tumbaku akae nayo. Alinishangaa.

Nililisoma kwa pua. Kampuni ya ndege inasherehekea, basi imeipaka ndege moja rangi ambayo haijapata kupakwa ndege yoyote huku kwetu. Nyekundu yote. Tumbo jeupe. Mkiani korongo mweupe ametandaza mabawa. Picha ipo. Lakini nyekundu ya gazeti ni nyeusi! Nimeiangalia mpaka jicho likatoa maji. Nyeusi na kijivu tu.

Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, itapita lini huku. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Mzee wangu, hiyo ni ya Nairobi na Mombasa, ya wakubwa. Huku rizavu, kwetu watu weusi, itafuata nini? Mbuzi?"

Nikacheka naye. Baadaye nikaenda nyuma ya kihenge. Boke aliponikuta nikasema ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Kati ya zote, hiyo moja tu ningetaka niione. Kisha macho yafungike kabisa, sitadai.

Jumanne, 18 Juni

Nimekikaripia kisiki. Nilikiita kwa jina la fahali wangu, nikakiamuru kitoke kwenye mtama, nikakirushia na jiwe. Kikakaidi.

Marwa alikuwa nyuma yangu. Huyu ndiye mwanangu wa kwanza. Hakucheka. Angecheka ningejua la kumwambia.

Jumamosi, 22 Juni

Marwa amesema. Anataka kuhamia Mbalibali, kule Serengeti, aende na mifugo. Hapa kwetu Genkuru hakuna nyasi tena, ng'ombe wanalamba udongo. Anaomba zizi ligawanywe. Jumamosi ijayo atachinja mbuzi, wazee wa ukoo waje wasikilize.

"Baba, sisemi kwamba huoni. Nasema nyasi zimekwisha."

Ana adabu sana. Nani alimfundisha? Angekuwa na mdomo mchafu kama wangu ningemfukuza leo hii na watu wangeniunga mkono. Mwenye adabu unamfanya nini?

Nikamwambia wazee waje. Siku nikishindwa kumtambua ng'ombe wangu, awachukue. Nimesema mbele ya wake zake. Mdomo huu.

Jumatano, 26 Juni

Tumepanga na Boke. Wanawake hawakai na wazee, kwa hiyo hawezi kuninong'oneza. Atakuwa kwenye uzio anachuja pombe. Ng'ombe nitawaweza bila yeye. Tatizo ni ndege. Chacha hawezi kuacha ipite bila kuniuliza rangi, na wazee watakuwa wametega masikio.

Basi ishara. Ile kubwa ya abiria, ya fedha: akohoe. Ile ndogo ya mgodini, nyeupe: aite kuku. Ile ya kunyunyizia nzige, ya manjano: afukuze mbwa. Tumefanya mazoezi. Boke anakohoa vibaya kama mbuzi aliyekabwa. Nilicheka, yeye hakucheka.

Akauliza, na ile nyekundu ya kwenye gazeti je?

Nikamwambia hiyo isitajwe katika mji huu. Ni ya Mombasa. Haiji. Nilisema kwa sauti ambayo hata mbwa aliondoka bila kufukuzwa.

Jumamosi, 29 Juni

Niandike haraka.

Wazee walikuja. Pombe nzuri, mirija mirefu, kila mtu kwenye chungu. Marwa akawapitisha ng'ombe mlangoni mmoja mmoja. Nimekaa kigodani, fimbo magotini, nikawataja. Huyu kengele yake imepasuka. Huyu anaburuta mguu wa nyuma. Huyu anapumua kama mwalimu wa dini akipanda mlima. Majina nikayatoa na rangi juu yake, na mama zao, na nani aliiba nini walipozaliwa. Wazee wakacheka mpaka pombe ikawatoka puani. Sikukosa hata mmoja.

Chacha akasema, "Marwa, mwanangu, baba yako atatuzika wote hapa. Ongeza pombe, uache habari za Mbalibali."

Marwa akainamisha kichwa. Aliinamisha, najua, sauti yake ilitoka chini. Akasema, "Nimesikia, wazee wangu." Yalikwisha. Zizi langu. Wengine walishaanza kutafuta fimbo zao waende.

Ndipo ikaja. Injini mbili, upande wa ziwani. Chini kuliko kawaida kwa sababu ya mawingu. Nikasubiri kikohozi. Hakuna kikohozi. Nikafikiri Boke anajivuta kama kawaida yake. Na wazee wote kimya. Hata mirija ilinyamaza. Nikajua wananisubiri mimi. Chacha hakuniuliza, nikaona ananiheshimu leo.

Hakuna aliyeniuliza. Ningekunywa pombe yangu tu.

Nikasimama. Nikanyoosha fimbo juu. Fedha! Mkanda wa bluu! Na wale mafundi bado hawajaipaka ile namba!

Hawakucheka. Kwa hilo nikajua.

Chacha akanishika mkono, polepole, kama unavyomshika mgonjwa. "Mura. Ni nyekundu. Nyekundu yote, tumbo jeupe. Mkiani kuna korongo." Halafu akasema, "Kaa chini."

Ilikuwa juu ya kichwa changu wakati huo. Niliisikia kifuani, hata kigoda kilitetemeka. Watoto wanapiga kelele, wanawake wanapiga vigelegele. Kivuli chake kikanipita usoni, baridi kidogo.

Hicho ndicho nilichopata.

Jumapili, 30 Juni

Nimemuuliza Boke. Sikuuliza vizuri.

Akasema, "Baba Marwa, ulinipa kikohozi, kuku na mbwa. Nyekundu hukunipa."

Nikamwambia angekuja. Angejifanya analeta pombe.

"Ningekuja. Chungu kilikuwa mkononi. Nikasimama tu pale."

Sikutegemea aseme hivyo. Nilitegemea aombe radhi. Nikamtukana. Akaacha nimalize. Kisha akaniambia dada yake alipozikwa Nyakunguru yeye hakwenda. Nyakunguru, hapo tu! Hakwenda kwa sababu angeondoka mimi ningebaki navisalimia visiki, na watu wangejua. Watu wakamsema vibaya, mwanamke gani hamziki dada yake. Akanyamaza nalo.

Nilikumbuka siku ile. Nilimwambia ndege ya nzige imeonekana Tarime, asikae mbali.

Nimejaribu kutafuta mzaha wa kulifunika hili. Haupo.

Jumatatu, 1 Julai

Nimemchukia Marwa asubuhi. Mchana nikamchukia Boke. Jioni nikachukia yule aliyepaka rangi. Alikuwa amekaa Nairobi na ndoo yake ya nyekundu, anapiga mluzi.

Alhamisi, 4 Julai

Wamegawana. Kwa wazee, ndege ile ilitosha.

Marwa alitaka nichague kwanza. Nilichagua wawili kwa mkono. Nilipapasa mgongo, nyonga, shina la pembe. Akaanza kunitajia rangi zao. Nikamwambia niliwajua hao kabla wewe hujaota meno, ondoa mdomo wako. Akaondoa. Pua yake ilikuwa na maji, niliisikia. Sikumwonea huruma. Au nilimwonea, lakini mikono ilikuwa na kazi.

Wengine wakatoka. Wale wekundu, wale wa mabaka, yule fahali niliyemfananisha na kisiki. Nilisimama mlangoni wakipita wananigusa. Harufu yao ilipungua kidogo kidogo, kisha ikabaki ya mavi tu.

Chacha alikuja kuniaga alipokuwa anaondoka. Akasema, "Haya, Mzee."

Mzee! Tulitahiriwa naye asubuhi moja, damu yetu ilidondoka pale pale. Tangu hapo amekuwa akiniita mura, kama kijana mwenzake, mwizi, fisi, mla rushwa, na jina moja la matusi ambalo sitaliandika. Leo Mzee. Ng'ombe walioondoka nitawasahau. Hili silisahau.

Ijumaa, 12 Julai

Watoto wa jirani wamechora ndege nyekundu ukutani kwa udongo. Boke alitaka kuwafukuza. Nikamzuia. Nikasogeza pua. Kweli ni nyekundu. Bawa moja wamelisahau.

Jumatano, 17 Julai

Boke amerudi kutoka Nyakunguru. Nilimwambia aende, akae anavyotaka, akaenda hata kabla sijamaliza kusema. Siku za kwanza nilimwaga maji na kuunguza uji. Nikajua mlango uko wapi kwa upepo.

Alipokuwa hayupo zilipita injini mbili. Nilikuwa namenya muhogo. Sikunyanyua uso. Sijui ilikuwa ipi.

Amekaa kaburini kwa dada yake, amesema, na wenye mji wamempokea. Ameleta mbegu za maboga za huko, zimefungwa kwenye jani. Anasema zizi kubwa limekaa bure na mbolea ipo ya miaka yote, yangestawi pale. Aliniuliza kama mtu anayeuliza mwenye zizi.

Nimemwambia apande. Maboga hayaendi Mbalibali. Nitayatambua yote kwa kuinama.