Kikaushio cha Mume Wangu Kinasifiwa, Mahindi Yanaoza

Mshauri wetu mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi pokea salamu za mtu aliyechoka. Naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, na jina langu usilitoe, maana hapa kwetu hata kuku wanasoma gazeti.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na tangu nimjue ni mtu wa kubuni vitu, watu wakamcheka wakamwita Profesa naye akawa anaitika tu. Kuna msimu mvua ziligoma kukatika, mahindi ya kila mtu yakawa yanaoza uani, yeye akaunganisha mabati akayapaka rangi nyeusi, akaweka nailoni juu na trei za wavu ndani, kikaushio kidogo tu, na mahindi yetu yakakauka kweli, mshauri, nakuapia. Bwana shamba akaona, akawaandikia wakubwa wake, na ule mfuko wa serikali wa kusaidia ubunifu vijijini ukatuchagua sisi na kikundi chetu cha wakulima, kwa sharti kwamba tukijengewa kikubwa tuwafundishe wengine bure. Profesa akasema tuongeze kidogo kidogo, wao wakasema hapana, kijengwe kikubwa kionekane kutoka barabarani. Kikajengwa, kikawekewa na kibao, na ndani ya kile kidogo sasa wanalala kuku.

Hicho kikubwa hakikaushi. Trei za juu sawa, lakini za chini punje ni ngumu kwa nje na ukiing'ata ndani ni laini, na gunia likikaa wiki chache linaota ukungu wa kijani. Niligundua mimi kwa sababu mimi ndiye ninayepakia na kupakua, mume wangu siku hizi wanamzungusha vijiji vya watu kufundisha, anachomekea shati, watu wanamwita Profesa bila kucheka, nikashindwa kumwambia. Nikawa naanika mahindi juu ya turubai nyuma ya nyumba, siku ya wageni wanaokuja kujifunza nayajaza kwenye trei za chini, wanayashika, wanapiga makofi. Nilipomweleza bwana shamba akaniambia, "Mama, wageni wanakaa nusu saa. Ukungu unataka wiki. Hao wawili hawatakutana." Akacheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Sasa mdogo wangu wa kike, tumbo moja, aliyeolewa ng'ambo ya mto, alikuja siku ya wageni akashika yale mahindi ya turubai, akarudi kwake akabomoa ghala la wakwe zake akajenga kikaushio kama chetu, kwa vipimo alivyopewa na shemeji yake mwenyewe, yaani mume wangu. Amevuna, amekausha, amejaza magunia, ndicho chakula chao mpaka msimu mwingine, na ana watoto wadogo. Juzi kanipigia simu: "Dada, mahindi yangu yananuka kama udongo uliolowa. Ya kwenu nayo yananuka hivi?" Nikamwambia, "Ndiyo, mdogo wangu, yatatulia yenyewe." Akasema, "Haya, nimepumua. Nilitaka kuyatupa."

Tangu hapo chakula hakinishuki. Nikisema, mume wangu anarudi kuchekwa, mfuko unatufungia mlango na wanakikundi wenzetu watanila nyama. Nikinyamaza, sijui. Nifanye nini?

Mke wa Profesa

JIBU

Unajua, mama. Mtu asiyejua anakula akashiba.

Nakuonea huruma, na nitakugombeza hivyo hivyo. Ulianza kwa kumlinda mumeo, na hilo ni pendo. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii maradhi umeyahamishia nyumba ya mwingine. Bwana shamba naye usimfanye kimbilio. Hesabu yake ya nusu saa imesahau kwamba wageni wana kwao, na wakifika kwao wanajenga.

Unaogopa mfuko. Ile ni kodi ya muuza nyanya na mponda kokoto, na haikutolewa mpigiwe makofi. Ilitolewa ijulikane kitu hiki kinafaa au hakifai, kisha watu waambiwe. Jibu mlilipata, tena zuri: kidogo kinakausha, kikubwa bado. Mngelisema, vijiji vya jirani vingepona. Mmelikalia.

Kwa hiyo fanya hivi. Mdogo wako kwanza, kabla ya mumeo na kabla ya mtu yeyote. Mwambie mahindi hayo asimpe mtu wala kuku. Ukungu wa namna hiyo una sumu isiyotoka kwa kuosha wala kupika. Kama wameshayala na kuna anayetapika au macho yamekuwa ya manjano, ni zahanati moja kwa moja, na waeleze walichokula, wasione haya. Halafu mpelekee mahindi yako ya turubai. Usisubiri aombe.

Mumeo mpe punje aing'ate mwenyewe. Atanuna, pengine atalia. Lakini yeye alisema tuongeze kidogo kidogo, na wewe umemnyima kitu ambacho fundi yeyote anakitaka, kujua kazi yake imeharibikia wapi. Siku ya wageni inayofuata fungueni trei za chini kama zilivyo, ukungu na yote. Fukuzeni kuku, toeni kile kidogo, kiwekeni pembeni yake. Watacheka, sitakudanganya. Mfuko unaweza kufunga mlango, na kibao kinaweza kung'olewa. Mtaishi, mliwahi kuishi bila kibao.

Kinachoninyima raha mimi ni kingine. Barua yako imechelewa njiani, gazeti hili nalo litachelewa kukufikia, na hukuacha namba ya simu. Mdogo wako alitaka kuyatupa mahindi yale. Akakuuliza wewe kwanza, kwa kuwa wewe ni dada yake, na ndipo akayaacha ndani. Mpigie sasa hivi, kabla hujakunja gazeti, umjibu upya. Na ukisikia mashine ya kusaga inanguruma nyuma ya sauti yake, piga kelele.