Nilienda Kuangalia Nyumba ya Mama

Jumamosi, jioni. Ndosho, Goma.

Leo vumbi limetulia na volkano imeonekana yote tangu asubuhi, bila wingu hata moja. Nimerudi kutoka ziwani nikiwa na mchanga kwenye viatu na uso umeungua na jua, na sijui nianzie wapi. Binti yangu Gloria amelala na nguo zake. Mama yuko upande wa pili wa pazia. Najua hajalala, maana namsikia akikohoa kile kikohozi chake cha kufikiri.

Niseme kwanza ukweli, mengine yatafuata.

Nilienda nikitamani nyumba iwe imeanguka.

Ni nyumba ya Mama, katika kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Kivu, safari ya boti kutoka Kituku, bandari ndogo ya hapa Goma. Jina la kijiji naliacha, maana watu wake hawakuniomba niwaweke mtandaoni. Baba aliijenga kabla sijazaliwa. Vita vilipofika kule, Mama alinibeba mgongoni akakimbilia Goma, na hatukurudi tena. Baba alifia hapahapa Goma kwa ugonjwa. Miaka yote hiyo njia ilikuwa inafunguka na kufungwa, na watu wa Kituku walimletea Mama kila mmoja habari yake: huyu anasema mabati yameibwa, yule anasema wanajeshi wanalala humo, mwingine ameona moshi ukitoka. Sasa kuna utulivu kidogo, na Mama ameanza kusema anataka kurudi kwake. Anataka kuzeekea karibu na maji.

Mimi sitaki. Mama ndiye anayemlea Gloria ninapokuwa kwenye cherehani. Nikirudi jioni nakuta moto umewashwa na kuna mtu wa kuniuliza kama nimekula. Mtaani wote wanamwita Mama Furaha, kwa sababu Furaha ni mimi, mtoto wake wa kwanza, na nadhani nimelizoea jina hilo hadi nikamwona yeye kama mali yangu.

Wiki hii aliniambia, "Enda uangalie. Lakini enda siku mwezi umejaa, ile siku banaume bako ku nyumba."

Sikuelewa, akanieleza huku akinicheka. Sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, huvuliwa gizani. Taa inawaita, wanapanda juu, wavu unawainua. Mwezi ukijaa, ziwa lote linakuwa na mwanga na samaki hawajali tena taa ya mtu. Basi wavuvi hubaki nchi kavu, wanashona nyavu, wanalala usiku kama watu wengine, na mambo yote ya kijiji yaliyokuwa yakiwangoja yanasemwa siku hizo. Nimekula sambaza maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza wanafikaje kwenye sahani yangu. Niliona aibu kidogo, kisha nikapata hamu ya kwenda kuona.

Ndiyo hivyo. Nilipanda boti nikiwa na mioyo miwili, mmoja unaomba magofu na mwingine unataka kujua kila kitu.

Jambo la kwanza nililoliona kule ni ukimya. Mitumbwi ilikuwa imevutwa ufukweni, mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na wanaume wamekaa kati yake wakishona nyavu kwa vidole vya haraka kuliko vyangu. Mimi fundi nguo nilisimama kuwatazama hadi mmoja akaniuliza kama nataka kusaidia. Maji yalikuwa safi hivi kwamba nilihesabu mawe meusi chini yake, kisha nikaacha, nikavua viatu nikaingia hadi magotini. Hakuna aliyeniuliza kitambulisho. Hakuna aliyenifukuza. Nilisahau kabisa kilichonileta.

Wanawake walikuwa wakianika sambaza juu ya mikeka. Mmoja wao, mwembamba, kitenge cha kijani, alinikaribisha. Anaitwa Mama Zawadi. Aliponiuliza jina nilimpa lile la ubatizo, Claudine, nikasema nimekuja kutembea tu.

"Kutembea tu?" Aliwageukia wenzake. "Batu ba Goma bako na wakati!"

Walicheka, nami nikacheka. Uongo wangu ulikuwa mdogo na haukuniuma bado. Nilitaka kuona kwanza, kabla ya kuonwa.

Nilimwuliza kama kuna njia ya kupanda mlimani. Akajifuta mikono na kunitangulia. Njia inapita katikati ya maharagwe na migomba, inaingia kwenye mikaratusi, kisha inafunguka na unaona ziwa lote, visiwa, na hori nyingine ndogo upande wa pili ambayo haina mtu. Nilikuwa naropoka maswali. Hiki ni nini, kile kisiwa cha nani, kwa nini hapa hamjalima? Alijibu yote kwa subira ya mtu aliyewahi kuuliza maswali hayohayo.

Tulifika kwenye bonde dogo lenye majani mabichi, mazuri kuliko yote tuliyopita. Kulikuwa na ndege amelala pale chini, mzima kabisa, manyoya yake hayana hata doa. Niliinama nimwone vizuri. Mama Zawadi alinishika kola ya blauzi akanivuta juu kwa nguvu hata kifungo kikaruka.

"Usiiname! Ni mazuku!"

Mazuku nayajua. Nani wa Goma asiyeyajua? Ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mabondeni, huioni wala huinusi, inaua aliye chini na kumwacha aliyesimama. Lakini nilikuwa nayajua kwa kusikia. Yeye alinieleza tukiwa tunaondoka upesi: alipofika hapa kutoka milima ya Masisi, akikimbia vita, alikuwa na mbuzi wawili. Kama mfugaji yeyote aliyezoea mlima, alitafuta majani mazuri akawafunga palepale bondeni. Asubuhi aliwakuta wamelala kama huyo ndege. Watu wa ziwani hawafungi kitu bondeni, lakini hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni, na mgeni hakujua kwamba kuna la kuuliza.

Tulishuka kwa njia nyingine, kuelekea kijijini. Mbele yetu kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili, msingi wa mawe meusi, mlango unaotazama maji. Kwenye kizingiti, ndani ya saruji, kulikuwa na vipande vya sahani ya maua mekundu.

Sahani hiyo nimeisimuliwa tangu utotoni. Ilivunjika siku ya harusi ya wazazi wangu, na Baba hakutaka itupwe.

"Hapa njo tunakaa na batoto," alisema Mama Zawadi.

Nyumba haikuwa imeanguka. Ilikuwa imefagiliwa, mabati yamezibwa palipotoboka, viatu vya shule vimepangwa juani. Nilitafuta furaha moyoni nikakuta hofu, na chini yake hasira, sijui dhidi ya nani. Nikaona pia kwamba anapikia nje, chini ya bati lililoegemezwa ukutani, ilhali mlango wa jiko uko wazi na ndani kuna mafiga matatu makavu, safi, hayana majivu. Nilimwuliza kwa nini.

"Jiko iko na mwenyewe," alisema.

Huko chini mtu aligonga rimu ya gari, kengele yao ya kuitana. Mama Zawadi akajifunga kitenge vizuri. Alisema kuna mkutano na yeye ana neno la kusema, fupi tu, kama nataka nimngoje. Nilimfuata.

Watu walikaa hivyohivyo kati ya mitumbwi, wanaume hawakuacha nyavu zao. Aliyeongoza ni mkuu wa wavuvi, kijana mwenye kofia ya sufu anayetafuna muwa. Kukawa na kesi ya wavu uliokatwa, kukawa na habari ya msiba. Kisha Mama Zawadi akasimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesema somo alilolikariri.

"Miye Mama Zawadi, natoka Masisi. Nyumba mwenye nalala si yangu. Ni ya Mama Furaha, alikimbia na mutoto ku mugongo. Kama iko muzima, akuje, nyumba iko. Kama alikufa, Furaha akuje."



Mwanamke aliyekaa karibu nami aliniona nimekodoa macho, akanieleza kwa sauti ya chini. "Kila mwezi anasemaka. Kuko batu balitaka kuuzisha ile parsel, ile kiwanja. Balishindwa juu yake."

Mkuu wa wavuvi aliuliza kama kuna mtu anayejua habari za mwenye nyumba. Aliuliza kwa mazoea, macho tayari yako kwa mtu anayefuata. Na mimi, msomaji, niligeuka kuitazama boti. Nitaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimwona Gloria, nikauona mlango wangu jioni bila mtu ndani. Ningeweza kupanda boti nikiwa Claudine na kila kitu kingebaki mahali pake.

Nadhani ni miguu iliyosimama, si mimi.

"Iko muzima," nilisema. "Ni mama yangu. Furaha ni miye."

Bibi mmoja alipiga vigelegele akasema nina paji la uso la Baba. Watu walinishika mikono, mabega, nywele. Mama Zawadi hakuja. Alinitazama tu, kisha akauliza mbele ya wote, "Sasa juu ya nini ulisema weye ni Claudine?"

Kabla sijajibu, alikuwa amegeuka anapanda mlima.

Nilipopanda tena kule nyumbani nilimkuta tayari ametoa sufuria nje, na anakokota godoro. Nikashika upande wa pili. Tulivutana na godoro lile mlangoni kama watu wanaogombana sokoni, mimi naliingiza, yeye analitoa, wote wawili tunalia.

"Niache nifanye vizuri," alisema. "Mwenye nyumba ameonekana."

Nikamwuliza angelala wapi na watoto. Alisema Mungu anajua, kwao bado hakuendeki. Basi kwa nini, nikamwuliza, kwa nini kila mwezi ulikuwa unamwita mtu aje akutoe? Aliachia godoro akakaa juu yake.

"Kule Masisi, mu nyumba yangu, kuko batu bengine leo. Nasemaka jina ya mama yako juu nataka nabo baseme yangu."

Nimeandika sentensi hiyo hapa ili nisiipoteze.

Tulikubaliana vitu vibaki ndani hadi Mama mwenyewe aseme. Alinisindikiza hadi botini, akanitajia kijiji chake kule Masisi, akanifungia sambaza wakavu kwa ajili ya mama yangu ambaye hajawahi kumwona. Njiani, ziwa likiwa limetulia kabisa, nililijaribu neno moja mdomoni. Imeanguka. Ni neno jepesi. Mama hawezi kupanda ule mlima kwa ajili ya kuhakikisha tu, na habari za Kituku amezizoea kuwa za uongo. Nililirudia hadi tukaiona Goma.

Nilimkuta anamenya viazi. Nikamwambia yote. Kizingiti, mabati, viatu vya shule, jiko lisilowashwa, mkutano, godoro. Aliuliza jina la kijiji cha Mama Zawadi kule Masisi, akalirudia polepole ili alishike. Halafu akasema atakwenda, na hatamtoa mtu.

"Vyumba viko viwili. Tutakaa naye. Atapika mu jiko, mvua inakuja."

Nilijaribu kufurahi. Nilijiuliza wanawake wawili wataishije, nani atapika lini, watagombana kwa ajili ya chumvi au la, na kweli natamani kuwa nzi ukutani nione. Lakini machozi yalikuwa yameshaanza.

"Unalia nini?"

"Sitaki uende, Mama."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Miezi yote hii nilikuwa natafuta sababu nyingine, barabara, usalama, magoti yake.

Aliweka kisu chini.

"Najua. Nilijua mbele ya kukutuma. Njo maana nilituma weye, sikutuma mutu mwengine. Kama ungerudi ukasema ilianguka, ningekubali. Singeuliza mara ya pili."

Akachukua kiazi kingine.

Sasa amekohoa tena, na mimi bado nimekaa hapa na simu mkononi. Kesho ni Jumapili. Baada ya misa tutaanza kufunga vitu vyake.