Chupa Yenye Jina la Baba

2 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo. Mimi mzima.

Unakumbuka ile chupa ya damu niliyokuomba utolewe pale zahanati, maabara yetu ipate damu ya mtu mwenye afya ya kuijaribia mashine mpya? Mashine hiyo husoma vipande vya vinasaba vinavyoelea kwenye damu. Saratani ikianza popote mwilini hudondosha vipande vyake, na mashine huvitambua. Baba, imevikuta kwenye chupa yako. Inaonyesha utumbo mpana. Nimerudia mara tatu, siamini macho yangu. Nenda hospitali kesho, na usiniletee utani.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo, tunadunda. Nimepigwa picha, nimeingizwa kamera mahali ambapo sitapataja mbele ya mwanangu. Daktari anasema utumbo wangu ni wa kijana! Mwambie bosi wako airudishe mashine yake dukani, inawapa watu presha bure. Aliyekonda ni mama yako, kwa kumuuguza mgonjwa asiyeumwa. Anakusalimu sana.

Baba yako

27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Habari za hapo? Barua yako ilinitoa machozi ya furaha. Bosi alikwisha kuagiza mashine ifungashwe. Kabla ya hapo nikaisoma tena damu yako, safari hii vinasaba vyote, nijue tulikosea wapi.

Damu hii ni ya mwanamke. Chupa ina jina lako, kwa mwandiko wako mwenyewe. Ni damu ya nani, Baba? Nijibu leo leo.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Leo sina salamu. Unajua ninavyoogopa sindano. Siku ile nilipoiona tu, nilirudi nyuma hadi mlangoni. Mama yako akacheka, akakunja mkono wa gauni, akamwambia muuguzi, "Chukua yangu, si mtoto anataka damu ya mtu mzima tu?" Nikaandika jina langu ili usinicheke.

Barua yako ya kwanza nilipoisoma, nilijua. Sikuthubutu kumwambia. Nikaenda kupimwa mimi, ili nikiambiwa sina kitu nawe useme mashine imekosea, yaishe. Nimekuwa mwoga, mwanangu.

Nimemwambia sasa hivi. Barua hii naituma na basi la usiku huu; sisi tunakuja kesho na basi la kwanza. Yupo chumbani anapanga nguo kwenye begi. Ameniuliza jambo moja tu: barua yako ya kwanza ilifika tarehe ngapi.

Baba yako