Chaja ya Ruta

Mume wangu,

Chai iko kwenye chupa. ~~Usiiguse tena ile bodi ya kielektroniki ya marehemu mwanetu.~~ Iguse ukitaka, imeshaungua.

Asubuhi uliichomekea chaja ya ruta ya intaneti kwa sababu pini iliingia. Pini kuingia si hoja. Bodi ile inataka volti tano, chaja ile inatoa kumi na mbili. Ampea zikizidi si neno, bodi huchukua inazohitaji tu. Volti zikizidi, inakufa.

Najua ulitaka kuona kioo chake kikiandika tena, "Shikamoo mzee, punguza kukoroma!" Bodi nyingine zipo madukani. Maneno yale aliyaweka humo tu, hakuacha nakala.

Sikukasirika. Fungua madirisha, harufu itoke kabla sijarudi. Nimeshamzika mara moja.

Mama yake